Shati la Wanga Nusu

Mkewe alikuwa na msemo wake, na kwa miaka mingi ulikuwa ukiwachekesha wote wawili. "Mwanaume akianza kujifulia shati," alikuwa akisema, mikono imezama kwenye povu hadi viwikoni, "usihangaike kumuuliza alikuwa wapi. Liulize shati."

Alikuwa na haki ya kusema. Kwa miaka thelathini na moja alifua nguo za watu, na mumewe akazipiga pasi, katika chumba kimoja chenye mlango mpana uliotazama barabara. Nyuma ya chumba palikuwa na ua wa saruji, mabeseni matatu, bomba lililokohoa kabla ya kutoa maji, na kamba sita za kuanikia. Kwa nguo tu, yule mama alijua nani kaacha pombe na nani anadanganya kuwa kaacha. Alijua ndoa ya mwalimu mmoja imekwisha kabla mwalimu mwenyewe hajajua, kwa sababu mashati yalianza kuletwa na vifungo viwili viwili vimekatika na hakuna aliyevishona. Lakini siri haikuvuka ua. "Inakwenda na maji machafu," alisema.

Mumewe watu walimwita Nyoosha. Jina lake la kweli lilikuwa limebaki kwenye kadi ya hospitali tu. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye haya. Ukimsalimia alikujibu huku macho yake yako kwenye kola yako. Ukimuuliza habari ya kazi, kwa mfano namna ya kuweka mkunjo wa suruali usipotee ukikaa, angekueleza mpaka chai yako ipoe. Ukimuuliza habari zake mwenyewe, jibu lilikuwa "nzuri tu," hata kama nyumba inawaka moto nyuma yake.

Kisukari kilikuwa mwaka wa kumi na mbili mwilini mwake. Kilimwingia kwa kiu na safari za msalani, akapewa vidonge na kadi ya kliniki, akakizoea kama mtu anavyomzoea jirani mwenye kelele. Siku nyingine alikumbuka masharti, siku nyingine alijisahau. Hakuwahi kufikiri kwamba jirani huyo angekuja kumvunjia nyumba kwa kupitia ukuta wa pembeni.

Jambo lenyewe lilianza mchana, wakati anapiga pasi makoti meupe ya wahudumu wa hoteli. Wakati ule umeme ulikuwa umekatika na alikuwa ametoa pasi ya mkaa. Akahisi cheche imemwingia ndani ya shati, upande wa kulia, chini ya mbavu. Akaiweka pasi chini, akavuta shati, akatazama. Hapakuwa na cheche wala alama. Akajicheka. Kesho yake cheche ilirudi, na siku hiyo umeme ulikuwepo.

Baada ya wiki mbili ilikuwa si cheche tena. Ilikuwa utepe wa moto, upana wa kiganja, ulioanzia kwenye uti wa mgongo, ukazunguka chini ya mbavu za kulia, ukaja mbele hadi juu kidogo ya kitovu. Hapo katikati ukakoma ghafla, kama mtu kaukata kwa mkasi. Upande wa kushoto ulikuwa mzima kabisa. Kwa ndani palichoma kama kisu kinachozungushwa polepole, hasa jioni. Na kwa juu, kwenye ngozi, palikuwa na ajabu ambayo hakujua aielezeje: nguo ilimuuma. Siyo kumbana, kumuuma. Shati lililotiwa wanga, lile shati kavu lenye sauti lililompa jina mjini, likimgusa upande ule lilikuwa kama upupu.

Alikaa na jambo hilo akalifikiria kifundi. Miaka yote hiyo alikuwa akiegemea meza kwa ubavu wa kulia. Mkono wa kulia ndio ulioshika pasi. Mvuke wote ulimpanda upande huo. Basi, akajiambia, nimejipika mwenyewe taratibu, na sasa ngozi imeiva.

Na akaona haya. Dobi anayeogopa shati ni sawa na mchinjaji anayezimia akiona damu. Lakini nyuma ya haya palikuwa na hofu. Zamani, mtaa wa pili, alikuwepo dobi mwenzao aliyetoka vipele mikononi. Havikuwa kitu, vilikuwa vya sabuni. Lakini neno lilizunguka, na katika juma moja wateja walikuja kuchukua nguo zao, wengine wakizianua kwenye kamba zingali zinachuruzika. Nyoosha alimwona yule mtu amesimama kati ya kamba tupu. Hakumsahau. Ugonjwa wa ngozi, kwa dobi, haukuwa wa kutamkwa hata kwa mnong'ono.

Kwa hiyo alipoulizwa na mkewe mbona anakunja uso, alisema, "Tumbo linaniuma."

Ulikuwa ukweli, lakini ukweli wa nusu, na kila mtu akautibu huo huo.

Wa kwanza alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, muuza nyama, aliyeamini kwamba kwa kuwa amefungua matumbo ya ng'ombe maisha yake yote, basi hata ya watu anayajua. "Hiyo ni gesi, shemeji," alisema, akimpiga bega. "Nyinyi mnaosimama siku nzima gesi inapanda, haina pa kutokea. Kaa chini, kula polepole, acha aibu, iachie."

"Nimekaa," alisema Nyoosha.

"Umekaa na aibu yako lakini!"

Gesi haikuwa. Wakaenda hospitali. Huko aliulizwa kama anatapika, kama choo kinatoka vizuri, kama maumivu yanazidi akila mafuta. Alijibu kila alichoulizwa, kwa unyenyekevu, akitazama kola ya daktari. Hakuna aliyemuuliza habari ya shati, naye hakuisema. Picha ya tumbo ilionyesha vijiwe vidogo kwenye mfuko wa nyongo. Kila mtu akashusha pumzi: mwizi kapatikana. Akapasuliwa, mfuko ukatolewa, akaonyeshwa vile vijiwe ndani ya kichupa. Vilikuwepo kweli, masikini, lakini kesi hii haikuwa yao. Kidonda kilipopona, utepe wa moto ulikuwa palepale, haukusogea hata upana wa uzi.

Akaanza kukonda. Mkanda wa suruali ulirudi matundu matatu. Kisha akiwa amesimama, ubavu ule wa kulia ukaanza kutuna kidogo, kama mto uliojazwa pamba vibaya. Daktari mpasuaji akauona, akaubonyeza, akasema huenda ni ngiri. Akampangia siku ya kupasuliwa tena, Alhamisi, wiki tatu mbele.

Wakati madaktari wanalitafuta tumbo, nyumbani lilikuwa linatokea jambo lingine.

Tangu walipooana, mkewe alilala na mkono wake umelazwa juu ya tumbo la mumewe. Hawakuwahi kuzungumza habari zake. Ulikuwa mkono mzito, mgumu kwa magadi, na yeye alikuwa akilala chini yake kama karatasi iliyowekewa jiwe isipeperuke. Sasa ule mkono ukimgusa alihisi kama amewekewa pasi. Aliuvumilia siku chache, meno yameumana. Kisha akawa anauinua taratibu, kwa vidole viwili, na kuuweka pembeni.

Na mashati. Mashati yake mwenyewe alianza kuyafua mwenyewe, alfajiri, mkewe hajaamka. Alikuwa amegundua njia. Alifua shati, akachovya kwenye wanga upande wa kushoto tu, kola na mikono, na ule upande wa kulia aliuacha laini, akauchapa na kuusugua mpaka ukawa kama kitambaa cha mtoto. Ilihitaji ufundi, wanga hupenda kutembea. Aliyaanika nyuma ya kabati, chumba cha kazi, yasionekane. Mtu akimtazama kwa mbele akiwa amevaa, haoni kitu.

Mkewe hakuyaona mashati. Aliliona beseni limelowa.

Alimuuliza mara ya kwanza palepale uani, akikamua shuka. "Siku hizi unajifulia?"

"Nakupunguzia kazi."

"Nani kakwambia imenizidi?"

Nyoosha akachukua kikapu cha vibanio akaingia ndani.

Mara ya pili ilikuwa wanatandika kitanda. "Mkono wangu umeota miiba?"

"Tumbo tu, mama watoto."

"Kidonda si kimepona?"

"Tumbo tu."

Mara ya tatu hakuzungusha. Aliweka sahani mezani, akabaki amesimama. "Baba, kuna mtu?"

Swali lile lilimwia Nyoosha la ajabu mno. Yeye, mwenye ubavu uliotuna na suruali inayoning'inia, awe na mtu! Kicheko kikamtoka. Kilikuwa kicheko cha haya, kile kinachomtoka mtu asiyejua aweke wapi uso wake. Mkewe alikitazama mpaka kikaisha. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amesoma wanaume kwenye nguo zao: anayejifulia, anayekonda, anayeutoa mkono wa mkewe. Kama ingekuwa ni mteja angeshacheka kitambo.

Jioni hiyo alichukua mto wake akahamia chumba cha binti yao, aliyekuwa ameolewa mbali. "Upumzike vizuri," alisema mlangoni, kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha Nyoosha kuliko ngiri.

Alitaka kumfuata. Alifika hadi katikati ya ukumbi. Angesema nini? Kwamba ngozi imeiva? Akaona bora apasuliwe kwanza, apone, ndipo mambo yajinyooshe yenyewe. Aliyawaza haya mtu ambaye hakuwahi kuona hata suruali moja ikijinyoosha yenyewe.

Siku tatu kabla ya Alhamisi, mpasuaji alimtuma kliniki ya kisukari ili sukari yake ipimwe kwanza. Siku hiyo kulikuwa na daktari mgeni kwake, mama mfupi wa makamo, miwani imefungwa uzi shingoni. Faili lilikuwa nene, lakini hakulifungua. Alikuwa anamwangalia mgonjwa namna alivyokaa, ameinama kidogo kushoto, kiwiko cha kulia kimeachana na mwili.

"Hilo shati kalipiga pasi nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Wewe ni fundi. Mume wangu mashati yake yangelia yakiliona hili." Akasogea. "Lakini mbona upande mmoja umesimama na mwingine umelala?"

Kama angemuuliza habari ya tumbo, angepata "nzuri tu." Lakini alikuwa kaulizwa habari ya kazi.

"Huo wa kulia sikuutia wanga," alisema. "Si rahisi. Ukichovya nusu, wanga unapanda na maji, unavuka mshono. Inabidi uzuie kwa kubana na vibao viwili, ukauke umesimama. Na hapa nyuma nimeukomesha kwenye uti wa mgongo hasa, na hapa mbele kwenye vifungo. Chini nimeurudisha, maana chini ya kitovu hapana shida."

"Na pale pana shida gani?"

Alikuwa ameshaingia, hakuwa na pa kurudi. "Panachoma. Nguo ikigusa, panachoma."

Daktari alivaa miwani. "Nionyeshe mwanzo na mwisho."

Nyoosha akapitisha kidole juu ya shati lake, kutoka uti wa mgongo, kwa kufuata mpaka wa wanga, hadi kwenye vifungo. Daktari akakifuata kile kidole kwa macho kama mtu anayesoma barua aliyoisubiri.

Akamlaza. Akaikagua ngozi ya mgongo mzima kuhakikisha hakuna malengelenge wala makovu ya mkanda wa jeshi. Akampitishia pamba: kushoto ikawa pamba, kulia ikawa moto, Nyoosha akavuta pumzi kwa meno. Akamgusa kwa ncha ya pini, na sehemu nyingine ndani ya ule utepe hakuisikia kabisa. Akamfinya ngozi peke yake, bila kubonyeza tumbo, na maumivu yakaja yote. Kisha akatafuta pale panapouma zaidi, akaweka kidole, akasema, "Kunja mikono kifuani, inua kichwa na mabega kama unataka kuamka." Tumbo likakaza chini ya kidole. "Yamepungua au yamezidi?"

"Yamezidi."

"Basi. Kama ugonjwa ungekuwa ndani, msuli ukikaza ungekuwa ngao, ningekuwa nabonyeza ukuta tu. Sasa umekaza na yamezidi. Maana yake kinachouma ni ukuta wenyewe." Akavuta kiti akakaa. "Una mshipa wa fahamu unaotoka hapa mgongoni, unapita chini ya ubavu, unakuja mbele, unaishia katikati. Njia yake ni hiyo uliyoichora kwa wanga. Kisukari kimeuumiza. Ndiyo sababu nguo inachoma. Ndiyo sababu ubavu umetuna, msuli haupati amri. Sidhani kama ni ngiri. Na ukiniuliza mimi, hata ile nyongo ilionewa."

Nyoosha alilitazama dari. "Kwa hiyo si pasi?"

"Pasi?"

"Nilidhani nimejipika."

Daktari hakucheka, na kwa hilo Nyoosha alimshukuru siku zote. Aliandika barua kwa mpasuaji asimpasue kwanza, akaagiza picha ya uti wa mgongo kuhakikisha hakuna kitu kinachoukandamiza mshipa, akaandika dawa ya mishipa ya kumeza jioni, akamkaripia kuhusu sukari. Yangechukua miezi, alisema, pengine mwaka, lakini mara nyingi huisha.

"Ulikaa na hili muda gani bila kusema?"

"Miezi saba."

"Hata mkeo?"

Nyoosha alianza kufunga vifungo. Alivifunga vyote, hadi cha shingoni.

Picha ya mgongo ilitoka safi, na upasuaji ukafutwa. Lakini hakungoja picha. Siku ile ile ya kliniki alitembea kurudi nyumbani akijifunza maneno, na alipofika mkewe alikuwa anaanua. Maneno yote yakamkimbia. Kwa hiyo alivua shati, akampa.

Mkewe alilipokea kama anavyopokea nguo yoyote. Kidole gumba kikatembea juu ya kitambaa, kikafika mahali wanga unapokoma, kikasimama. Akaligeuza, akaufuata mpaka wote, mbele na nyuma, kama kipofu anayepapasa uso. Akamtazama mumewe ubavuni, pale palipotuna, ambapo hakuwahi kupaona kwa mwanga wa mchana.

Nyoosha akamwambia. Kwa mara ya kwanza maishani alisema habari zake mwenyewe bila kusimama: cheche, upupu, mkono, beseni, mshipa, pamba na pini. Alipomaliza, nguo zilikuwa bado kwenye kamba na jua limeshasogea.

"Huyo daktari," alisema mkewe, "alikaa na wewe muda gani?"

"Nusu saa. Haifiki."

"Akaliona shati."

"Aliliona."

Akalikunja lile shati, mkono juu ya mkono, kola juu. "Nilikuuliza mara tatu, baba."

"Niliogopa. Unamkumbuka yule wa mtaa wa pili. Wateja wangesikia…"

"Wateja." Alitikisa kichwa polepole. "Mimi nilikuwa mteja?"

Hakupandisha sauti. Hakulia mbele yake pia, ingawa kesho yake macho yalikuwa yamevimba na alisema ni sabuni. Tangu siku hiyo alimwangalia vizuri kuliko nesi. Alimpimia chakula, alimkumbusha vidonge, alimshonea fulana za kitambaa laini zisizo na mshono kulia. Yeye ndiye aliyemtilia wanga nusu kwenye mashati, na kazi yake ilikuwa safi kuliko ya mumewe. Mpaka wake haukutembea hata uzi mmoja. Shemeji alipokuja kuomba radhi kwa ile gesi, alicheka naye mpaka akashika ukuta. Lakini mto haukurudi. Ulibaki chumba cha binti, na hakuna aliyeutaja. Mkewe alikuwa amekaa miezi ile akijifunza kuishi bila mumewe, peke yake, kimyakimya, na kazi ile alikuwa ameimaliza.

Moto ulipungua kama daktari alivyosema, kwa hatua za konokono. Kwanza usiku, kisha jioni. Ubavu ukaanza kurudi mahali pake. Mwezi wa tisa tangu aanze dawa, mchana mmoja wateja wakiwa wachache, Nyoosha alichukua shati jeupe, akalitia wanga lote, akalipiga pasi mpaka likasimama lenyewe juu ya meza. Akalivaa. Akangoja. Shati lilikuwa shati tu, kavu, baridi, lenye sauti yake ya zamani.

Akatoka uani. "Mama watoto. Tazama. Lote."

Mkewe akainuka kutoka kwenye beseni, akafuta mikono kwenye kanga. Akatazama wanga, akaridhika nao. Nyoosha alifungua vifungo vya katikati, akalifunua tumbo, haya imemjaa kama bwana harusi. "Gusa."

Mkewe alilowesha ncha ya kidole kwa ulimi, akamgusa chini ya mbavu, mara moja, haraka, akakitoa, kama alivyokuwa akiipima pasi maisha yake yote. Wote wawili wakasikiliza, kana kwamba pangetoka sauti.

"Imepoa," alisema.

"Imepoa."

"Mungu mkubwa."

Nyoosha hakusogea. Alisimama kwenye jua lile kati ya kamba, shati limefunguliwa, akingoja kiganja kizima. Mkewe alikuwa ameshachuchumaa, mikono imezama hadi viwikoni, anaitafuta soksi iliyopotelea chini ya povu.

"Funga vifungo, baba," alisema bila kugeuka. "Wateja wataona."